Wimbo Uliovuka Korongo

Dodoma, 4 Novemba 1910

Zipora mdogo wangu,

Mbukwa! Najua unaisoma barua hii umejificha nyuma ya ghala la shule ili wenzako wasikuone ukicheka. Cheka tu. Kaka yako amepata kazi kwa bwana asiyefokea watu, na katika reli hii nzima sijaona mwingine.

Ni Mtaliano, jina lake Bwana Marenghi. Anasimamia mafundi wa mawe wanaojenga madaraja. Kiswahili anakisema, lakini herufi za mkono zinamshinda, kwa hiyo barua zake za Kiswahili naandika mimi na zinazokuja namsomea mimi. Sasa sikiliza. Madaraja si kazi yake hasa. Kwao alikuwa mtunga muziki. Sikusema mpigaji. Mtunga. Anakaa mbele ya meza iliyotengenezwa kwa masanduku ya baruti, hana hata filimbi, kimya kabisa, anaandika vitone juu ya mistari. Vitone hivyo ni sauti za watu themanini, wenye zeze za kila ukubwa, filimbi, tarumbeta na ngoma, wote wapige pamoja. Mara mkono wa kushoto unapanda hewani kama anafukuza nzi. Mpishi alipomwona mara ya kwanza aliniita pembeni: "Sostenes, bwana wako ana jini." Nikamwambia, "Ana majini themanini."

Ninalokuandikia hasa ni hili. Mwezi wa tisa kambi yetu ilikuwa Kikombo, ng'ambo ya magharibi ya korongo. Asubuhi moja wanawake wa kwetu wakaja kuitupa sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe. Unajua wanavyokuja: wamevaa kiume, mikuki mkononi. Mbele yao mama, amejifunga shuka la marehemu baba. Sisi wanaume tukatazama chini. Bwana hakujua. Alisimama ukingoni, akatoa karatasi, akaandika mpaka wakaondoka. Tangu siku ile haandiki kingine. Anasema wimbo ule ameutafuta miaka mingi bila kujua kwamba anautafuta. Anataka kujua maneno yake, na nani huanza. Mimi mwanamume nitajuaje? Ukienda nyumbani, muulize mama.

Kaka yako,
Sostenes


Kongwa, 20 Novemba 1910

Kaka Sostenes,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Sikucheka sana, ila pale pa majini.

Nilipewa ruhusa ya kwenda nyumbani Jumamosi, nikamkuta mama anatwanga. Nilipomwambia kuna Mzungu aliyeandika ule wimbo, aliacha mchi, akacheka hadi akashika kiuno. "Ameuokota? Afadhali. Aende nao kwao. Ulaya ni mbali kuliko korongo."

Kisha akaacha kucheka. Alisema nikuandikie maneno haya nawe umwambie: asiurudishe. Kaka, wewe uliondoka nyumbani mdogo na pengine hukuambiwa. Wanawake hawaimbi tu wakati wa kuitupa sotoka. Ugonjwa wenyewe unaitwa uingie ndani ya wimbo, unabebwa humo hadi mpakani, unaachwa upande wa pili wa korongo. Wakirudi wanarudi kimya. Wimbo ule hauimbwi tena upande wetu, hata kwa kunong'ona, hata kumbembelezea mtoto. Mwaka mwingine ugonjwa ukija, mama hutunga mwingine. Anayeurudisha wimbo amerudisha kilichomo.

Mimi ni mwanafunzi wa misheni, na mwalimu anasema ng'ombe hawafi kwa nyimbo. Labda ni kweli. Lakini najua kwamba mama ndiye aliyeutunga, na ukirudi ataulizwa yeye.

Maneno hatayapata. Kuhusu nani huanza: hakuna anayeanza. Mama huvuta pumzi, na wenzake wakiona mabega yake yamepanda, wanaingia wote.

Naona haya kumwandikia Bwana, lakini niulizie kwake. Anawezaje kusikia watu themanini wakati chumba kiko kimya? Sisi darasani tukiimba sauti nne, mimi nikiisikiliza ya pili naipoteza yangu. Je, yeye hapotei? Na wale watu themanini wakiupiga vibaya, anaumia mahali gani?

Zipora


Dodoma, 2 Desemba 1910

Kwa Binti Zipora, Kongwa

Mimi Silvio Marenghi nasema, na kaka yako anaandika.

Maswali yako ni mazuri kuliko niliyoulizwa na walimu wangu wa Milano. Ndiyo, napotea. Kila siku. Ninapopotea naanza tena kwa sauti ya chini kabisa, ile ya zeze kubwa zinazosimama kama mtu, kwa sababu ndiyo inayonishika mguu.

Nilizaliwa mji mdogo wa milimani. Baba yangu alikuwa mchonga mawe, ndiyo maana nayajua mawe. Padri alinifundisha kinanda cha kanisa, nikapelekwa Milano kusoma utunzi. Nilipokuwa na miaka thelathini niliandika kazi kubwa ya sehemu nne, ikapigwa mara moja tu. Watu walianza kupiga miluzi katika sehemu ya pili. (Zipora, nilimwuliza kama miluzi kwao ni sifa. Akasema hapana.) Umeuliza naumia wapi. Hapa, chini ya mbavu, na hawakuwa wameupiga vibaya. Walikuwa wameupiga sawasawa. Wimbo ndio uliokuwa mtupu.

Mke wangu alikuwa amekaa mbele. Mwaka uliofuata alifariki, na mimi sikuandika tena. Shemeji yangu alipata kazi ya madaraja huku, akanichukua. (Hapa chai yake imepoa.)

Asubuhi ile kwenye korongo nilisikia wanawake wanaingia pamoja bila mtu wa kuwaongoza, kama ulivyoniambia. Wajua, katika maisha yangu yote nilihitaji mtu mwenye fimbo asimame mbele ya wapigaji. Sasa kazi yangu mpya ina sehemu nne, na ya tatu ni wimbo wa mama yako. Meli inaondoka Dar es Salaam mwezi wa tatu. Jumba la muziki la Milano limekubali kuipiga kazi hiyo, kama karatasi zikifika kabla ya Pasaka.

Kaka yako amenieleza kwamba mama yako amefurahi. Nimeguswa sana. Sitaki kuondoka kama mwizi. Tarehe 27 Januari, sikukuu ya Kaizari, tunafungua daraja la mawe la Kikombo. Nimeiomba bendi ya askari. Nimewaandikia sehemu ya tatu kwa tarumbeta, na wanajifunza. Tutavuka daraja tukiupiga, mpaka kwenu, nimrudishie mama yako kilicho chake mbele ya watu wote.

Kwa heshima,
Silvio Marenghi

Zipora, hapa ni mimi. Lile jambo la mama nimemwambia nusu, kwamba amefurahi. Nusu nyingine nitamwambia polepole. Ameahidi kunichukua hadi Ulaya. Nitamwambiaje sasa kwamba watu wa kwetu wanaogopa wimbo? Ataniona mshenzi kama wengine. S.


Kongwa, 12 Desemba 1910

Kwa Bwana Marenghi, Dodoma

Shikamoo Bwana.

Sijawahi kumkataza mtu mzima jambo lolote.

Tafadhali usivuke daraja na wimbo ule. Mama alifurahi kwa sababu unaupeleka mbali. Hakufurahi ili urudi. Ndani yake wameweka sotoka. Upige Milano, upige Dar es Salaam, upige Dodoma ukitaka, maana huko ni ng'ambo. Lakini ukiuleta mashariki ya korongo, watu watasema mama ameuuza kwa Mzungu, na Mzungu ameuleta tena. Baba alikufa. Ng'ombe anawatunza baba mdogo, Matonya, na mama anakaa pale kwa sababu wanawake wenzake wanamheshimu. Wakimwacha, baba mdogo atamrudisha kwao, nami nitatolewa shule.

Nakuomba sana. Sehemu zako nyingine tatu zipige kijijini, nitasimama mbele kabisa nisikilize.

Wako mtiifu,
Zipora

Kaka, msomee neno kwa neno. Usiruke.


Dodoma, 23 Desemba 1910

Zipora,

Nimemsomea. Ameshukuru sana, ameikunja barua yako na kuiweka mfukoni. Usiwe na wasiwasi, kula wali wa Krismasi.

Mvua hapa ni ya kumwaga. Homa inaninyemelea, sijui kama nitaweza kuja siku ya daraja.

Sostenes


Nyumbani, 31 Januari 1911

Sostenes,

Ulisema una homa. Natumaini ni kweli, maana kama si kweli sijui nitakuitaje.

Nilipewa likizo ya sikukuu, kwa hiyo niliona yote. Watu walikuwa wamejaa upande wetu wa daraja. Bwana alikuja mbele, koti jeusi, kofia mkononi, na nyuma yake askari na tarumbeta zao zinang'aa. Nilitabasamu, kaka. Nilidhani wataupiga wimbo wa Kaizari.

Walipofika katikati ya daraja alipandisha mabega yake, na wote wakaingia pamoja.

Nilichelewa kuutambua kwa sababu ulikuwa mzuri mno. Sauti ya chini ya mama ilikuwa kwenye tarumbeta kubwa, na ilitembea kama mtu mzito asiye na haraka. Kisha mama yake Kefa, mkubwa wa wanawake wote, akapiga yowe. Wanawake waliwafunika watoto masikio, wengine wakajitupa chini, wengine wakakimbia na vibuyu vikavunjika. Askari waliendelea kupiga, maana wao hawana habari. Mmoja alidhani tunacheza, akatukonyeza. Mama hakukimbia. Alisimama, mikono imening'inia, akamtazama Bwana anavyokuja akimwinamia kichwa.

Nikajikuta nimetoka mbele ya watu. Mimi, Sostenes, ninayeshindwa kuomba maji. Nikamwambia, "Bwana, hukupata barua yangu?"

Akasema, "Nimepata! Sostenes amenisomea. Umesema karibu sana, na utasimama mbele kabisa."

Nikanyoosha mkono, akaitoa mfukoni, nikamsomea hapo hapo. Sikumaliza. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekanyaga mtoto. Akawageukia askari, akapiga kelele kwa lugha yake, wakanyamaza mmoja mmoja.

Juzi ng'ombe wawili wa baba mdogo wameanza kutoa machozi na kamasi. Mwalimu angesema sotoka ilikuwa bado iko kwenye mbuga tangu mwaka jana. Mimi nilitaka kuwaambia hivyo, lakini nani atanisikiliza? Kisimani mama akifika, wanawake wanampa mgongo. Hawamtukani. Wanaacha kuzungumza tu, mpaka ajaze na aondoke. Baba mdogo amesema mbele ya wazee: "Mjane wa kaka yangu ameuza uchafu wetu ukaletwa na tarumbeta. Mvua zikiisha, arudi kwao."

Nawe ulikuwa umelala Dodoma.

Zipora


Dodoma, 9 Februari 1911

Binti Zipora,

Naandika kwa mkono wangu, herufi moja moja. Nina kamusi. Utasamehe makosa.

Kaka yako amelia. Amesema yote. Sikumfukuza. Nilitaka, kisha nikakumbuka kwamba mimi pia siku ile sikumwuliza mama yako. Nilisikia neno moja, "amefurahi," na neno hilo lilinitosha, kwa sababu nilikuwa nalitaka.

Mimi siamini kwamba ugonjwa unakaa ndani ya muziki. Lakini naamini mama yako ana taabu kwa sababu yangu. Nimeandika muziki miaka mingi, na haujawahi kumgusa mtu hivi. Milano walipiga miluzi. Kwenu walifunika watoto masikio. Usidhani nafurahi. Silali.

Niambie wanawake wanataka nini. Kama wanataka nichome karatasi, nitachoma. Itaniuma, lakini nitachoma.

Silvio Marenghi


Nyumbani, 21 Februari 1911

Shikamoo Bwana Marenghi,

Nilimsomea mama barua yako, naye akanituma kwa wanawake, maana wenyewe hawaongei naye. Niliketi kwenye kibaraza cha mama yake Kefa nikasoma tena.

Wanasema usichome. Karatasi ikichomwa, moshi unakwenda unakotaka. Wanasema wimbo hauko kwenye karatasi, uko kwako. Wewe ndiye uliyeubeba, na wewe ndiye wa kuuondoa. Wao wataitupa sotoka upya kwa wimbo mwingine. Ila wewe usivuke tena korongo. Si kwa miguu, si kwa farasi, si ndani ya treni ukiwa umelala. Ukivuka hata mara moja, mama amekwisha.

Nilimwambia mama yake Kefa, "Bibi, treni ya kwenda pwani inapita hapa. Na meli yake iko pwani."

Akanijibu, "Reli ndiyo iliyotukuta sisi hapa. Atafute njia."

Sasa nakuandikia hivyo, na najua ninachokuomba. Najua habari ya Pasaka na jumba la Milano. Nimejaribu kutafuta namna ya kuliomba jambo hili liwe dogo, nimeshindwa.

Kesho kutwa tunakwenda korongoni. Nasema tunakwenda, kwa sababu hata mimi nitakwenda. Mama atakuwa nyuma ya wote safari hii, na sitaki atembee peke yake. Mwalimu alishatuambia zamani kwamba mwanafunzi anayeshiriki mambo hayo achague, hayo au shule. Hatanifukuza. Ni mimi ambaye sitarudi.

Zipora


Kondoa, 30 Aprili 1911

Zipora,

Hukujibu barua zangu za Dodoma, na sikulaumu. Nakuandikia hii kwa ajili ya mama.

Bwana hakupanda treni. Alikataa pale pale nilipomsomea barua yako. Wakubwa wa reli walimcheka: "Marenghi, ni safari ya siku mbili kwenda pwani, wewe unataka kuzunguka kwa miguu kwa sababu ya wanawake wa Kikombo?" Akajibu kwamba wanawake wa Kikombo ndio watu pekee waliowahi kuchukua muziki wake kwa uzito. Tukatoka Dodoma kwenda kaskazini, mimi, yeye na wapagazi, sanduku la karatasi limefungwa kwa ngozi. Nia ni kufika Moshi, kisha Tanga, nchi yetu tukiiacha mbali mkono wa kulia. Meli ya mwezi wa tatu ilikwisha ondoka. Pasaka nayo imepita.

Tulipofika hapa Kondoa homa ilimwangusha. Alipangiwa chumba kwa mfanyabiashara mmoja, Bwana Yahaya, na mke wake Mwantum alimpikia uji kama mwanawe. Hapo kitandani alikuwa bado anaisahihisha sehemu ya tatu. Alisema tarumbeta za askari zimemdanganya, zeze zinataka jambo jingine. Kwa kuwa masikio yake yalikuwa yanavuma kwa kwinini, aliniomba niimbe sauti ya chini, yeye aimbe ya juu, tusikie zinavyogongana. Tuliimba hivyo siku nyingi. Huku ni mbali, nikasema haina neno.

Wiki iliyopita alipata nafuu, akaondoka na msafara wa Yahaya kwenda Moshi. Miguu ilikuwa bado myembamba. Aliniambia nirudi nyumbani nikamwombe mama radhi. Alinishika mabega, akasema, "Mwambie nimeuchukua wote."

Lakini haukwenda wote. Jana nilikuwa nachota maji, Mwantum akaniambia, "Wee kijana, huo wimbo unakufuata kama mbwa, mpe basi mfupa." Sikujua kwamba naimba. Nikanyamaza. Nilipofika mlangoni nilikuwa naimba tena. Nikilala naamka nao. Nimejaribu nyimbo za kanisa, naanza na ya kanisa namaliza na ya mama.

Nimefunga mzigo wangu. Nataka kuja nyumbani, Zipora. Nataka kupiga magoti mbele yake. Ninaweza kuapa kwamba nikivuka korongo nitauma ulimi. Hakuna atakayejua isipokuwa wewe na mama. Mwulize kwa ajili yangu: nirudi?

Kaka yako,
Sostenes


Nyumbani, 24 Mei 1911

Kaka Sostenes,

Nimemsomea mama barua yako neno kwa neno. Sikuruka.

Kwanza nikupe habari njema. Baada ya kusikia kwamba Bwana ametoka Dodoma kwa miguu kuelekea Kondoa, mama yake Kefa alikuja mwenyewe, akaketi, akaomba ugoro. Kisimani wanazungumza naye tena. Ng'ombe wale wawili walikufa, wengine wako salama, na baba mdogo hasemi tena habari ya kumrudisha mama kwao. Yupo. Ana mahali pake. Mimi nafundisha watoto sita kusoma, chini ya paa la ghala letu, na baba mdogo anajifanya haoni.

Nilipofika mahali unaposema huwezi kuuacha, mama aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, "Anaimba sauti gani?"

Nikasema, "Ya chini, mama. Yako."

Akasema, "Alikuwa na sauti nzuri tangu mtoto. Mwandikie asije."

Nilimwambia utauma ulimi, hakuna atakayejua. Akasema, "Mimi nitajua. Nitakuwa namsikiliza kila akifungua mdomo." Akasema ukae huko mpaka uusahau kabisa, na siku ukiusahau wewe mwenyewe utajua, kwa sababu hutakumbuka kwa nini ulikuwa huji. Halafu akaingia ndani, akalitoa shuka la baba alilovaa siku ile ya korongoni, akaanza kulifua, na halikuwa chafu.

Sikuwa nataka kukuandikia hivi. Nilikuwa na hasira nawe, na sasa siioni ilipo.

Mwombe Bwana Yahaya kazi. Nenda misikitini usikilize, nenda harusini kwa Warangi, kaa na wapagazi wakiimba njiani. Jifunze nyimbo nyingine, kaka. Jifunze nyingi, upesi.

Mdogo wako,
Zipora